Eirwen Chupa na robota lililorudishwa

Huku bondeni kwetu Pentrelyn, akina Evans wanakaribia kuwa wengi kama kondoo, ndiyo maana tunaitana kwa jina na kazi. Yuko Dai Mkate, yuko Wyn Posta, na Eirwen Evans tulimwita Eirwen Chupa. Alianza kuchambua taka kiwandani kwetu akiwa na miaka arobaini, mwaka ule kiwanda cha kushona sidiria kilipofungwa. Siku ya kwanza aliingia amepaka rangi ya mdomo. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa bado anaipaka kila asubuhi.

"Taka ni zao," alisema, "mdomo ni wangu."

Mimi ni dereva wa forklifti. Kazi yangu ilikuwa kubeba marobota, yaani chupa maelfu zilizobanwa pamoja kwa waya, na kuyapakia kwenye lori la bandarini. Yalikokwenda hatukuuliza. Meli ilichukua safi na chafu, kwa hiyo mkanda wa kuchambulia ulikimbizwa mbio, na aliyekosa chupa moja alikuwa ameshapitwa na kumi.

Jumapili moja Eirwen alikuwa mezani na mumewe Emrys wakati televisheni ilipoonyesha lundo la plastiki kando ya kijito, katika nchi ya mbali. Katikati ya lundo akaona kifuniko cha mtindi wa kile kiwanda cha maziwa kilicho nyuma ya kanisa letu. Akaweka uma chini.

"Emrys, kile ni chetu."

"Mtindi unaliwa dunia nzima, mpenzi."

"Wenye maandishi ya Kiwelisi chetu?"

Kesho yake alinijia na chai yake, hana utani wowote. "Ceri, kile kifuniko kimepita mikononi mwangu. Nimemwagia mtu taka uani kwake, na hata jina lake silijui."

Bahati nzuri upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Serikali ilikuwa imeweka kodi kwa vifungashio visivyo na plastiki iliyokwisha kutumika, na wenye viwanda wakaanza kuitafuta humu humu nchini. Mwendo wa saa moja kutoka kwetu kikafunguliwa kiwanda cha kuosha chupa za maziwa na kuziyeyusha kuwa punje za kutengenezea chupa nyingine. Gethin, meneja wetu, akapeleka robota moja la majaribio. Jioni likarudi, na nyuma yake mkaguzi, binti mrefu aitwaye Lowri.

Lowri akakata waya mbele yetu sote. "Hii ya dawa ya choo. Hii ya shampuu. Hii sijui ya nini, inanuka samaki. Jamani, punje zetu ni za chupa za maziwa ya watoto!"

Gethin akashusha pumzi. "Basi. Meli haichagui. Ceri, pakia."

"Ceri, shuka kwenye hiyo mashine," alisema Eirwen.

Nikashuka. Gethin ni meneja, lakini Eirwen alimfundisha shule ya Jumapili.

"Nipe siku tatu, Gethin mwanangu. Na mkanda upunguzwe mwendo."

"Upunguzwe kiasi gani?"

"Ngoja nikuimbie."

Akaanza wimbo wa kwaya, ule wa taratibu wa mazishini, na fundi akazungusha kitufe mpaka mkanda ukaenda sawa na sauti yake. Wenzake wakacheka, kisha mmoja akaingia sauti ya pili. Siku tatu waliimba, hata wasiojua Kiwelisi wakashika kiitikio. Eirwen alipita nyuma yao akiwaonyesha: "Bonyeza. Ya maziwa inanywea. Ya sabuni inagoma. Usiamini macho, amini kidole."

Siku ya pili, saa ya chakula, alikwenda kusimama sokoni na kikapu cha chupa, akiwaomba watu wasuuze zao.

"Wyn Posta! Wewe ndiye unayetuletea chupa zenye maziwa yaliyoganda!"

"Umejuaje ni mimi?"

"Sikujua. Sasa najua."

Soko zima likacheka, Wyn akiwemo.

Siku ya nne Lowri akarudi. Akakata waya wa robota jipya, akaingiza mikono mpaka mabegani, akachambua kwa muda mrefu sana. Hatimaye akainuka na chupa moja ya shampuu. Eirwen akaiva uso.

"Moja," Lowri akasema. "Kwingine huwa natoa arobaini." Akaanza kucheka. "Leteni yote mliyo nayo!"

Nilipakia marobota yote. Lori lilipofika getini halikukata kulia kwenda bandarini. Lilikata kushoto, kupanda bonde, na watu walimwagika nje wakipiga makofi, Gethin mbele yao. Eirwen hakuwepo kwenye makofi. Alikuwa ameketi ndani ya lori.

"Kanuni haziruhusu, mama," dereva alikuwa amemwambia.

"Kiti kiko wazi, mwanangu. Kanuni zimekaa wapi?"

Kule kiwandani Lowri alimmiminia kiganjani punje nyeupe kama mchele, zimetoka mashineni sasa hivi. Eirwen alicheka mpaka akavua miwani ajifute machozi, kisha akampigia simu mumewe. "Nimezishika, Emrys. Zina joto kama mayai ya kuku!"

Zipo bado plastiki laini zinazotushinda, na hizo huondoka kama zamani. Eirwen mwenyewe hamfichi mtu. Lakini chupa za maziwa hazijapanda meli tena. Alipotimiza sitini alikataa kustaafu, na sasa anazunguka viwanda vya mabonde mengine akiwafundisha wachambuaji. Majira haya ya baridi yuko kaskazini. Emrys analalamika kwamba anajipikia mwenyewe, ila wiki iliyopita alituletea kiwandani sufuria ya mchuzi wa kondoo aliopika kwa mkono wake, na tuliumaliza wote tukiwa tumesimama.