Nyundo ya Taisto

Taisto Pulkkinen aliendesha lori la magogo miaka yake yote ya kazi, akastaafu, na hakuwahi kuoa. Si kwamba alikataliwa. Hakuuliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila sijui wangesemaje juu ya watu wa Savo, kule Ufini, wanaovua nguo zote saunani, kwenye bafu la mvuke, bila haya yoyote, halafu neno la moyoni wakalivalisha makoti matatu.

Nyumba ndogo ya mbao kando ya ziwa, ya kukaa wakati wa kiangazi tu, ilikuwa ya kaka yake, Alpo. Alpo alifariki barafu ilipokuwa ikiyeyuka, na nyumba ikabaki kwa mjane wake, Kerttu. Kabla kiangazi hakijaanza kijiji kizima kilikuwa kikisema Kerttu anafikiria kuiuza ahamie mji wa Oulu kwa bintiye. Taisto, ambaye tangu ujana alikuwa akija pale kuvua na kuoga sauna, alikuwa na neno moja tu la kumwambia: usiuze, shemeji, tuendelee kuja. Alitembea nalo tangu Juni likimkaa kooni. Badala ya kulisema, akachukua nyundo.

Akabadilisha ngazi za barazani zilizooza. Akapasua kuni, akazipanga ukutani zikafika dirishani. Akatengeneza mlango wa sauna uliokuwa ukilia. Kwao mwanamume akikupasulia kuni amekwisha kukuambia yote, na Taisto aliamini kwa dhati kwamba anasema, tena kwa sauti kubwa.

Jumamosi moja ya Oktoba, majani ya miti yakiwa yamepukutika karibu yote, walikutana kuifunga nyumba kwa ajili ya majira ya baridi. Kwanza walitoka kutegua wavu. Kerttu alishika makasia, Taisto akavuta.

"Shemeji, unavuta kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto," Kerttu akasema.

"Nikivuta kwa nguvu utachanika."

"Wavu au mgongo wako?"

"Vyote viwili. Wewe piga makasia, maneno waachie bata."

Kerttu akacheka, kicheko ambacho Taisto hakuwa amekisikia tangu mazishi. Muikku walikuwa wengi, visamaki vyembamba vyeupe, matumbo yamejaa mayai. Waliporudi nusu ya njia Kerttu akaacha kupiga makasia, mashua ikaenda yenyewe.

"Na mwakani, Taisto, utavulia wapi?"

Mlango ule ulifunguliwa wazi kabisa, hata kipofu angeuona. Lakini Taisto akajiambia kwamba mjane hasukumwi, kwamba nyumba ni yake na uamuzi ni wake.

"Samaki wako kila mahali," akasema.

Ningekuwa ndani ya mashua ile ningempiga kwa kasia. Kerttu akashika tena makasia, akapiga hadi ufukweni.

Wakafanya kazi. Walilivuta gati la mbao nchi kavu barafu isije ikalivunja, wakatoa maji kwenye pampu, wakaifunika mashua. Kisha Taisto akatoa kopo la rangi nyekundu, akaanza kupaka fremu za madirisha. Kerttu akasimama barazani na kikombe chake cha kahawa.

"Unapaka rangi Oktoba? Itakauka lini?"

"Itakauka."

"Shemeji, basi. Inatosha. Pamependeza."

"Bado upande wa ziwani."

Kerttu akaingia ndani kukaanga samaki.

Walikula muikku waliogaragazwa kwenye unga wa shayiri nyeusi na kukaangwa kwa siagi, pamoja na mayai yao yaliyochanganywa na kitunguu, juu ya mkate mweusi. Kerttu hakula sana. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akaiweka mezani.

"Nimeuza, Taisto. Mtu na mkewe, wa mjini Kuopio. Tumetia sahihi Jumanne."

Taisto aliendelea kutafuna, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mdomo wake.

"Kiangazi chote nilingoja useme kitu," Kerttu akasema. "Ukaja na nyundo. Ukaja na kuni. Nikajiambia, kumbe na yeye anataka pauzwe, anapapamba wanunuzi wapapende. Mtu hatengenezi hivyo mahali asipotaka kuonyesha watu. Na kweli walipapenda. Yule mama alizisifu ngazi kabla hata hajaingia ndani."

Ilimuuma Taisto kuliko alivyoumia makaburini siku ya kumzika Alpo. Pale angalau hapakuwa na kosa lake. Hapa kila msumari alioupigilia alikuwa ameupigilia kwa mkono wake mwenyewe, akimsukuma nje mtu pekee aliyetaka abaki. Ndipo lile neno, lililokaa kooni tangu Juni, likatoka lenyewe, dogo, limechakaa.

"Sikutaka uuze."

 Machozi yakamjaa Kerttu machoni, akayapangusa kwa kitambaa kilekile kilichonuka samaki.

"Ungesema hata Jumatatu," akasema.

Jumatatu Taisto alikuwa juu ya paa la nyumba hiyohiyo, akigongomea mbao zilizolegea. Kerttu alikuwa amekuja kwa basi kutoka mjini, amesimama chini anamtazama, akamuuliza kama kuna chochote anachohitaji. Naye alimjibu kwamba anahitaji misumari.