Mama Mkwe Aliponifundisha Kufuma

Nilivunjika mguu kwa ujinga. Nilikuwa nashuka ngazi za jengo letu hapa Kariakoo huku nabishana na mteja kwenye simu kuhusu shokapu za gari lake, nikakosa ngazi mbili za mwisho. Hospitali wakanifunga hogo, plasta ngumu kama jiwe, hadi gotini, daktari akasema nisitoke wiki sita. Tunaishi ghorofa ya nne, na lifti ilikufa kabla hatujahamia. Duka langu la spea nikamwachia mdogo wangu. Mke wangu anafanya kazi Posta, hutoka asubuhi, kwa hiyo mama yake akaja kunitazama.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Miaka kumi na moja ya ndoa, mimi na mama mkwe hatukuwahi kuvuka salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hamjambo?"

Basi. Heshima ilitujengea ukuta. Sasa tukawa wawili sebuleni mchana kutwa, mimi mguu juu ya stuli, yeye akifuma vitambaa vya makochi.

Siku ya nne, uchovu wa kukaa ulinishinda aibu. Tangu asubuhi nilikuwa naitazama ile sindano yake yenye ndoano ikizama, ikivuta uzi, ikiibuka.

"Samahani mama, hapo unahesabu, au mkono unajua wenyewe?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Unataka kujua kweli, au unaniongelesha tu?"

"Nataka kujua."

Akatoa sindano nyingine mkobani, na uzi wa kijani. "Sogea."

Vidole vyangu vimezoea boliti na spana. Siku nzima nilitoa mnyororo mmoja wa vitanzi, mgumu kama waya. Akaufumua wote mbele yangu bila huruma. "Uzi haujakukosea kitu, mbona unaunyonga?"

Wiki ya pili nikaanza kitambaa cha duara. Kilikataa kulala. Kila mzunguko kingo zilinyanyuka, mpaka kikawa bakuli. Mama alikichukua, akakigeuza, kisha akanivika kichwani. Kilinienea sawasawa. Nikaona midomo inamcheza. Akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani afute machozi. Nami nikacheka mpaka mguu ukauma ndani ya hogo. Mke wangu akaingia, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Kuna nini humu ndani?"

Mama akanyoosha kidole kichwani kwangu, tukaangua kicheko upya.

Kuanzia hapo maneno hayakuisha. Mama alinisimulia alivyojifunza akiwa msichana, barazani kwa shangazi yake, mtaa wa pili tu kutoka hapa, enzi ambazo maghorofa hayajameza nyumba za zamani. Akanipa na siri ya duara: kila mzunguko ongeza vitanzi, ukiwa mchoyo kitajikunja.

Cha pili kililala. Nilikitandaza mezani, nikakipapasa, nikakingoja kinyanyuke. Hakikunyanyuka. Chini mtaani wapagazi walikuwa wanapiga miluzi kuomba njia, nami huku juu nimejaa furaha kama niliyepata mtoto. Nimeuza spea miaka mingi, zote kazi ya viwanda vya watu. Hiki kilikuwa uzi tu, na mikono yangu ndiyo iliyokifanya kitu.

"Mashallah," akasema mama. Akakikunja, akakitia mkobani mwake. "Hiki changu."

"Mama, ndicho pekee nilicho nacho!"

"Fuma kingine."

Nilipopona nilirudi dukani na sindano mfukoni. Wateja wakipungua, nafuma nyuma ya kaunta. Wapagazi walinicheka wiki nzima. Kisha mmoja, jibaba la mabega mapana, akaegesha mkokoteni wake na kuinama juu ya kaunta.

"Bosi, hapo umeruka kitanzi. Mama yangu angekuchapa."

Nikatazama. Kweli nimeruka. Nikafumua, naye akasubiri mpaka nilipopita pale salama ndipo akaondoka na mzigo wake.

Siku hizi Jumamosi mimi na mama mkwe huenda pamoja kununua uzi. Yeye hutangulia kwenye msongamano, mimi nafuata. Juzi muuzaji alimnyooshea uzi wa njano.

"Mama, huu utampendeza binti yako."

"Binti yangu hajui hata kushika sindano," akajibu, akanivuta mbele kwa mkono wa shati. "Mfumaji huyu hapa. Muulize yeye anataka rangi gani."