Saizi Ndogo: Imeisha

Jina lake la kuzaliwa lilishafutika. Mtaa mzima ulimwita Fundi Pole, kwa sababu kila aliyepita mlangoni pa karakana yake alipewa pole, hata aliyekuwa anakwenda zake kununua chumvi. Ukiunda majeneza miaka yote hiyo, ulimi nao unazoea.

Kazi yake ilikuwa na ustaarabu wake. Wafiwa walikuja na kipimo kwenye kamba, yeye akachagua mbao, akaranda, akapigilia, kisha akapeleka mwenyewe kwa mkokoteni, na nauli hadai. Jeneza la kumngoja mtu hakuwahi kuunda. "Mimi siviiti vifo," alipenda kusema. "Mimi naitikia tu."

Shida ni kwamba watu waliacha kumwita. Barabarani lilifunguliwa duka lenye madirisha ya vioo, majeneza yanang'aa kama magari ya waheshimiwa, na yote unayaona kwenye simu ukiwa umelala chali, mkao unaofaa kabisa kwa kuchagua bidhaa hiyo. Mwenye nyumba naye alishamwambia bila kupepesa macho: mwezi ukiisha biashara bado imelala, abebe randa na misumeno yake aondoke.

Ndipo mpwa wake, binti wa dada yake, karani katika ofisi ya vifurushi, alipokuja Jumapili na simu yenye chaji ya kutosha. Wakakaa juu ya ubao, wakaanza kufungua duka la Fundi Pole kwenye soko la mtandaoni.

"Aina ya bidhaa, kwa ajili ya kodi," mpwa akasoma. "Kuna mapambo, kuna fanicha, kuna vifaa vya safari."

"Weka safari."

"Mjomba!"

"Haya, fanicha. Maiti naye alipe kodi kama mwenye makochi."

"Uzito pamoja na kifungashio."

"Mwanangu, mimi ninachouza ndicho hicho kifungashio."

Mpwa akauma mdomo asicheke, akaandika uzito wa jeneza tupu. "Mteja asiporidhika, anaruhusiwa kurudisha ndani ya wiki mbili?"

"Akirudisha mwenyewe kwa mikono yake, karakana namwachia na mji nahama."

Kwenye ada ya usafiri walivutana. Mfiwa adaiwe nauli? Mpwa akamuuliza, je, mtu wa mji wa mbali akiagiza, huo mkokoteni atausukuma mpaka lini? Fundi Pole akakubali: mjini bure, nje ya mji kwa umbali.

Zikafuata saizi. Kubwa, ya kati, ndogo. Kila moja itajiwe idadi iliyopo, la sivyo tangazo halikai ukurasa wa mbele.

"Kubwa nitaunda mbili," akasema kwa shingo upande. "Ya kati moja. Watu wazima tunajijua."

"Ndogo?"

Fundi Pole akainuka, akafagia maranda aliyokwisha kuyafagia.

"Hiyo iruke."

"Hairukiki, Mjomba."

"Basi weka sifuri."

Mpwa akaweka sifuri. Tangazo likapanda ukurasa wa mbele, na kabla ya jua kuzama watu wawili walishaulizia bei ya kubwa. Fundi Pole akaanza kuiangalia karakana kama mtu atakayebaki.

Asubuhi yake jirani wa mkabala, mama wa cherehani, akavuka barabara mbio, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Fundi, watoto wa mji huu wamepatwa na nini?"

"Pole. Kwani vipi?"

Akamsogezea simu. Kwa herufi nyekundu: SAIZI NDOGO IMEISHA. ZINATAKIWA SANA!

"Wengine wameshasema ni surua. Kuna mama kamtoa mwanawe shuleni, kamfunika blanketi, na mtoto mwenyewe mzima anadai mpira wake!"

Fundi Pole aliyatazama maneno yale mpaka kioo kikazima. Yeye sifuri yake ilimaanisha sitaki. Mashine ilielewa kwamba zimekwenda zote, na kila moja na mtoto wake.

Akampigia mpwa. Nyuma ya sauti yake mihuri ilikuwa inagongwa kwenye vifurushi.

"Weka moja tu, Mjomba. Hata usiiunde. Ule wekundu utatoka."

"Moja inayomngoja mtoto wa nani?"

Mihuri ikagongwa, ikagongwa. "Basi imebaki njia moja, niandike kwamba unaunda kwa agizo. Saizi zote zinafutika. Ila unatolewa mbele, unapelekwa nyuma kabisa, huko kwenye matairi ya mitumba. Na mwenye nyumba je?"

"Mwenye nyumba ana wajukuu. Andika."

Akaandika. Wale wawili wa kubwa hawakuonekana tena. Nani atamtafuta fundi nyuma ya matairi? Mwezi ukaisha. Fundi Pole akapakia randa na misumeno kwenye mkokoteni, dada yake akampisha uani, baina ya kamba ya nguo na banda la kuku, na mpwa akabadilisha kisanduku kimoja tu mtandaoni: mahali mzigo unapotoka.

Kwenye kukabidhi funguo, mwenye nyumba alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, kitoto kinachoning'inia na kuimba. Fundi Pole alikitazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, kwa mazoea ya kazi, halafu akageuza uso haraka kabla macho hayajamaliza kupima.

"Pole," akamwambia babu mtu.

"Pole ya nini?"

"Mazoea tu," akasema, akashika mpini wa mkokoteni.