Siku Niliyokwenda Kumchukua Kemilembe

Nilitoka nyumbani Ijumbi kwa sababu moja: kumchukua mdogo wangu Kemilembe. Alikuwa amehitimu Stashahada ya Utabibu mjini Bukoba, na zahanati moja ya jirani ilikwisha kusema ina nafasi yake. Nilikuwa nimewaambia watu wote wa kwetu kwamba narudi na daktari. Chumba chake nilikipaka chokaa upya, na mlango wake nikaufungia bawaba mpya.

Wazazi wetu walitutoka wakifuatana, mimi nikiwa kidato cha pili na Kemilembe akiwa hajui hata kuhesabu vidole vyake. Tulibaki wawili. Niliacha shule nikashika kibanja, nikapalilia migomba na kahawa, nikajifunza na kumenya ndizi. Kwetu mwanaume anayemenya ndizi huchekwa. Walinicheka mpaka wakachoka, na walipochoka Kemilembe alikuwa ameshiba.

Siku alipoondoka kwenda chuoni tuliwekeana neno. Uhayani kahawa haitafunwi ovyo. Tunda likichemshwa na kukaushwa, hupewa mgeni alitafune, na watu wanaotaka kufungana kwa ahadi hupasua tunda moja. Ndani mna mbegu mbili, na kila mmoja hutafuna yake. Mlangoni nililipasua tunda, nikampa mbegu moja. Nikasema, "Wewe soma. Mimi sitaoa mpaka umalize." Alitafuna huku analia. Nami nilitafuna nikijiona mwanaume kweli.

Asubuhi ya safari, kabla umande haujakauka, Editha alikuja na kopo. Editha ni fundi cherehani wa hapo kwetu, na ndiye mwanamke aliyekuwa akiningoja miaka yote hiyo. Kwenye kopo mlikuwa na senene, wale panzi wetu watamu, aliowakausha tangu msimu uliopita, akawakaanga upya alfajiri ile.

"Mpelekee wifi yangu," alisema.

"Wifi? Mbona unajipa cheo mapema?"

"Mapema!" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Projestus, nimeshona magauni ya maharusi wa Ijumbi nzima. Limebaki langu. Nenda salama, na umsikilize mtoto. Usiende kumsemesha tu."

Sikuelewa kwa nini alisema hivyo. Nilipakia mkungu wa ndizi na jogoo kwenye bodaboda, nikaenda nao hadi barabara ya lami, na huko nikapata basi.

Njiani nilikaa dirishani. Upande mmoja vibanja vilifuatana kama nyumba moja ndefu yenye paa la majani. Upande mwingine, kila tulipopanda kilima, ziwa lilijitokeza likameta kisha likajificha. Nilikuwa nikipanga maneno ya kuwaambia wazazi wetu pale makaburini tutakaporudi. Jogoo wangu naye alikuwa akiwika kila basi lilipopunguza mwendo, abiria wakawa wanamwitikia.

Kemondo tulisimama kwa muda. Harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka ilitufikia kabla hatujaiona bandari. Nilishuka kununua sato, maana nilikuwa nakwenda kulala kwa Mama Zuhura, mwenye nyumba aliyempangisha Kemilembe chumba, na sikutaka kuingia kwake na vitu vya shamba tu. Muuza samaki, mama mnene mwenye kilemba chekundu, alinipima kwa macho.

"Mkungu, jogoo, na sasa sato. Unakwenda ukweni, wewe."

"Hapana mama. Nakwenda kwenye mahafali ya mdogo wangu. Amesomea utabibu."

"Hongera! Na wewe una watoto wangapi?"

"Bado sijaoa."

Aliacha kumfunga samaki. "Bado? Unangoja nini, mvi?"

Wenzake walicheka, nami nikacheka. Nilimwambia nangoja mdogo wangu amalize, na sasa amemaliza. "Wakola waitu," aliniambia, akanishukuru kwa Kihaya kana kwamba Kemilembe ni mwanawe, kisha akaniongezea furu wawili wadogo. "Hawa wa bibi harusi. Mwambie asiwape paka."

Mchana niliingia Bukoba. Nyumba ya Mama Zuhura iko Hamugembe. Babu yake alikuja zamani kutoka pwani kufanya biashara akaoa hapa, na hadi leo chai yake ina iliki na lugha yake ina madaha kuliko yetu. Nilipopiga hodi, alitoka Kemilembe. Nilikuwa nimebeba mkungu begani, akaukumbatia mkungu pamoja nami, na jogoo akapiga kelele katikati yetu.

"Kaka, umekonda."

"Nawe umekuwa mrefu."

"Ni viatu, kaka."

Nilimpa kopo. "Ametuma Editha. Anasema nimpelekee wifi yake, amewakaanga alfajiri."

Kemilembe alifungua, akanusa, akafunga tena. Nilitegemea ale hapohapo, maana tangu utotoni senene kwake hawafiki kwenye sahani. Badala yake aliliweka kopo juu ya meza taratibu, akaenda nyuma ya nyumba kumenya ndizi.

Alipotoka, Mama Zuhura alinimiminia chai. "Projestus mwanangu, umekuja kumpongeza mtoto au umekuja kumchukua?"

"Yote mawili, mama."

"Basi moja utalikosa." Alisogeza kiti. "Hajakwambia? Matokeo yake ni mazuri sana. Na kwa stashahada ile, pamoja na alama zake za kidato cha nne, anaweza kuomba chuo kikuu, akasomea udaktari wenyewe. Wenzake wanaomba. Yeye kila nikimuuliza anasema, 'Nimemaliza, mama.' Na dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Mimi si mzazi wake, siwezi kumshika mkono. Lakini usiku namsikia anasoma sifa za kujiunga kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma barua ya mchumba aliyemkataa."

Chai ilinishinda kunywa. Miaka yote mitatu nilidhani stashahada ndiyo paa la nyumba. Kumbe ilikuwa ngazi, na mdogo wangu alikuwa amesimama juu yake, ameshika ukingo, hataki kupanda.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Nilichukua kisu cha pili, nikakaa kwenye kigoda kando yake, tukamenya pamoja kama zamani. Vidole vyetu vikawa vyeusi kwa utomvu.

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza.

Alijua ninasema nini. "Mama Zuhura hana siri hata ya chumvi."

"Kemilembe."

"Tulitafuna kahawa, kaka. Ulisema huoi mpaka nimalize. Nikiomba, ni miaka mingine mitano, na mazoezi juu yake. Editha atakuwa bibi. Wewe utakuwa mzee unayechota maji mwenyewe. Siwezi."

"Na wewe unataka nini?"

Alimaliza ndizi aliyokuwa akiimenya. Kisha akasema, "Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kazi kituo cha afya, aliletwa mama mjamzito. Mtoto amekaa vibaya. Alihitaji upasuaji, na pale hapakuwa na wa kumpasua. Kazi yangu ilikuwa kuandika rufaa na kumshika mkono mpaka gari lije. Nilimshika. Alipona, kaka, na mtoto akapona. Lakini tangu siku ile mkono huu hautulii."

Aliunyosha mkono mbele yangu, mweusi kwa utomvu. Nikaukumbuka mkono uleule ukiwa mdogo, umeshika pindo la shati langu siku ya mazishi.

"Basi omba," nilisema.

"Na neno letu?"

"Neno nililisema mimi. Nitalibadilisha."

"Si lako peke yako. Editha ndiye anayelilipa."

Ilikuwa kweli. Tulipotafuna ile kahawa, mimi na Kemilembe tulifungana kwa ahadi, na mtu wa tatu ndiye aliyebeba mzigo bila kupewa hata mbegu. Nilinawa mikono, nikampigia Editha, nikaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa ili sote tusikie. Nilimweleza yote. Cherehani yake iliyokuwa ikilia nyuma ya sauti ilinyamaza.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Haya, na mimi niseme. Nani alikwambia nangoja mtoto amalize shule? Nilikuwa nangoja wewe uache ukaidi! Nilikuwa nangoja mume, sikuwa nangoja cheti. Wifi upo hapo?"

"Nipo, dada," alisema Kemilembe kwa sauti nyembamba.

"Kaombe chuo. Huyu nitamwoa hivihivi, wewe ukiwa shuleni. Na hao senene uwale, nimeungua vidole."

Kemilembe alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Kutoka jikoni tulimsikia Mama Zuhura akisema peke yake, "Alhamdulillahi," na sufuria ikaanguka.

Siku ya mahafali nilivaa shati alilonishonea Editha. Wahitimu walipita wamevaa majoho, wakiimba, na vumbi la uwanja likapanda hadi magotini. Jina la Kemilembe liliposomwa nilisimama, ingawa hatukuambiwa tusimame. Mama Zuhura alipiga vigelegele vitatu, mwanamume aliyekaa mbele yetu akaziba sikio. Kemilembe alinivisha joho lake tupige picha. Lilinibana mabegani. "Limekukaa, kaka," alisema, na sikumkatalia.

Tulirudi Ijumbi kesho yake, sote wawili. Basi lilipopita Kemondo nilimtafuta yule mama wa kilemba chekundu nimpe habari, lakini alikuwa akibishana na mteja, nikampungia mkono tu.

Nyumbani kwetu intaneti ya simu inapatikana sehemu moja peke yake, kwenye kona ya kibanja, pale wazazi wetu walipolala. Kemilembe alikwenda huko kujaza maombi yake. Editha aliacha cherehani yake, akaja akasimama kando yake kuikinga simu na jua kwa kanga. Mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nilichukua panga nikaanza kupunguza machipukizi ya migomba iliyo karibu.

Kazi hiyo nimeifanya tangu utotoni. Kwenye shina moja unaacha watatu: mama aliyebeba mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu anayechomoza. Wengine unawatoa. Ukimwacha mama peke yake, siku ukikata mkungu unabaki na shimo. Hakuna mkulima wa kwetu anayemwambia binti asichipue mpaka mama akomae. Wote hukua pamoja, kila mmoja kwa kimo chake. Nikasimama na panga mkononi. Miaka yote nilikuwa nimelima hivyo, lakini maisha yetu nilikuwa nimeyapanga kama foleni: kwanza huyu, kisha yule, na mimi mwisho. Nilidhani huko ndiko kupenda. Ilinibidi niende Bukoba na kurudi ndipo nikaona mgomba uliokuwa mlangoni kwangu.

"Imekwenda!" Kemilembe alipiga kelele. "Kaka, imekwenda! Wameipokea!"

Sasa tunangoja majibu. Huenda akachaguliwa mwaka huu, huenda akaambiwa ajaribu tena. Zahanati imekubali afanye kazi wakati tukingoja, na wazee wa Editha wamekwisha kunipangia siku ya kwenda kwao kujitambulisha. Chumba nilichokipaka chokaa kina mtu ndani, kwa muda wowote atakaokaa.

Siku ile, pale makaburini, nilitoa tunda la kahawa mfukoni nikalipasua kwa meno. Nilimpa Kemilembe mbegu moja. Editha alinitazama, nikajua nisipokuwa mwangalifu nitarudia kosa lilelile. Mbegu ya pili nikampa yeye.

"Semeni neno," niliwaambia.

Walitazamana, wifi na wifi. "Nitakutunzia nyumba yako hii," alisema Editha.

"Nitakuzalisha mimi mwenyewe," alisema Kemilembe.

Editha alimpiga begani kwa kanga, wakatafuna wakicheka. Mimi nilibaki na ganda. Nikalitia mdomoni, nikalitafuna polepole nikiwatazama, na ladha ya kahawa ilikuwamo humo yote.