Kumi na Moja Iliyojificha Ndani ya 73 188 137

Siku ile ya Beni ningali naikumbuka, mwanangu, na usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba tu, mais hata hivyo wewe wa mwaka wa kwanza unaniita yaya, yaani mkubwa wako, mbele ya kila mutu, na mkubwa ni jalala: hutupiwa kila kitu, hata kazi ya kutoa nasaha.

Tulitoka Butembo kwenda kushindana hesabu na shule moja ya Beni. Atakayeshindwa, basi, mashindano yameisha kwake. Mimi sikuchaguliwa, ila mwenzetu Muhindo aliugua malaria, ndipo wakanitia mimi. Katungu, kapiteni wetu, akanionya njiani: "Weye, leo hapana fanya comédie, ile mizaha yako. Tukipoteza juu yako, utarudi kwa miguu."

Tukawa sawa hadi swali la mwisho, nalo likaniangukia. Ubaoni waliandika 73 188 137. Je, ni nombre premier, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Mbili haiingii, tano haiingii. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata thelathini na nane, donc tatu nayo haiingii. Nikajaribu saba: ikabaki moja. Moja tu, mwanangu! Nikaona imetosha. Nikawageukia watu, nikainama kama padri mbele ya altare.

"Bandugu, hii ni premier. Ni kama nyama ya kwenye sahani ya baba: hakuna wa kuigawa."

Ukumbi ukacheka. Msimamizi alikuwa Papa Paluku, mzee wa nywele nyeupe, mwalimu wa haohao wa Beni. Angesema "faux", umekosa, basi, watoto wake wakashinda. Hakusema. Aliniuliza:

"Umeijaribu kwa ngapi?"

"Mpaka saba, papa."

"Na pale ukachoka? Mimi hapana sikia jibu, nilisikia kelele. Rudia ubaoni, muda ungali."

Masikio yalinichoma. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: baada ya saba kuna kumi na moja. Hapo unaipakia namba kama watu wa Mbau wanavyopakia ndizi kwenye velo, baiskeli zao: tarakimu moja kushoto, inayofuata kulia. Kushoto saba, moja, nane, tatu. Kulia tatu, nane, moja, saba. Kumi na tisa huku, kumi na tisa kule. Velo haikuinama! Pande zikilingana hivyo, kumi na moja inaingia bila kubaki kitu.

"Si premier," nikasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Ni kumi na moja mara 6 653 467."

Tukashinda. Watoto wa Beni wakamnunia mwalimu wao, wengine machozi kabisa. Nikamfuata nje.

"Papa, mbona uliniacha nirudie? Mungeshinda."

"Tungeshinda bila kujua kitu. Batoto bangu nabo hapana iona ile kumi na moja. Leo banalia, mais hawataisahau tena. Na weye vilevile."

Nikamwambia wasingya, asante ya kwetu Wanande, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuongeza mzaha.

Basi, mwanangu, mzaha endelea nao. Mimi mwenyewe sijauacha. Ila usiseme kitu hakiwezekani kwa sababu tu umechoka. Jaribu kinachofuata. Na mkubwa akikugombeza wakati kukuacha ukosee kungemfaidi, mshukuru. Mungu akujalie wakubwa wa namna hiyo, hata upande wa wapinzani wako. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, akupe roho ya kumfundisha mtoto wa wengine huku wako wanalia.