Maikrofoni Iliyopita Ukutani

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja huku Lambwe, na nimeaibishwa na somo langu mwenyewe.

Siku ya wazazi nilikuwa mshereheshaji, nimebandikwa maikrofoni isiyo na waya kwenye kola. Wakati wa mapumziko nikaenda kunywa chai nyumbani kwangu, nyuma tu ya ukumbi. Maikrofoni sikuizima. Waifai ya shule hufia mlangoni pangu kwa sababu ya kuta nene za mawe, basi nikajiambia hata sauti yangu haitapita.

Tangu mke wangu afariki mwaka jana, huwa ninaongea naye jikoni.

"Nyar Magunga," nikamwita nilivyozoea, yaani binti wa Magunga, "leo wazazi wamekuja wawili wawili. Mimi nimerudi kuongea na sufuria. Chai nimeweka sukari mara mbili, na hakuna wa kunigombeza."

Nikalia kidogo, nikapenga kamasi, nikarudi ukumbini. Watu wote walikuwa kimya, wananitazama.

"Mbona mmenyamaza hivyo?" nikauliza kwa uchangamfu.

Mwalimu mkuu akanijia, akaizima maikrofoni.

"Waifai yetu ni ya mawimbi ya masafa ya juu, ukuta unaikata," akaninong'oneza. "Hii ni ya masafa ya chini, inapenya na kufika mbali. Si wewe ndiye unafundisha Form Three hayo?"

Mama mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akanishika mkono.

"Pole, mwalimu," akasema. "Hatukujua uko peke yako hivyo."