Harufu ya Siti ya Nyuma

Fundi Pua hakupewa lakabu hiyo kwa ajili ya ukubwa wa pua, ingawa yake haikuwa ya kufichika. Aliipata miaka mingi nyuma, meneja mmoja alipoleta gari lililokuwa likinuka mwezi wa pili, limeshapita kwa mafundi wanne, kila mmoja amefungua kitu na kukirudisha vibaya. Yeye akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi mara moja tu, akasema, "Bosi, kuna panya amefia kwenye feni ya hewa. Na si wa leo." Panya akatolewa vipande vipande, meneja akatapika kwa heshima nyuma ya gereji, na tangu siku hiyo jina la fundi la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho, likimsubiri polisi aliulize. Mkewe akawa Mama Pua. Hakuridhia, lakini nani anaulizwa?

Gereji yenyewe ilikuwa mabati manne na siti ndefu ya basi iliyong'olewa, ambayo wateja walikalia wakijifanya hawana haraka. Upande huu palikuwa na seremala wa milango, upande ule mchomeleaji wa mageti. Magari mazima yalikwenda kwa mafundi wengine. Kwa Pua yalikuja yale yenye siri: linanuka mpira, linanuka sukari iliyoungua, linanuka kitu ambacho mume hawezi kumweleza mke. Naye alikuwa akizunguka na pua yake kama mpelelezi, akirudi na jibu.

Kisha pua ikafa.

Ilikuwa mafua tu, ya wiki moja, miaka mitatu iliyopita. Yalipoondoka yakamrudishia kila kitu isipokuwa kunusa. Mkewe aligundua siku aliyomkuta amekaa jikoni anasoma gazeti, sufuria ya maharage imeshageuka mkaa, moshi umejaa, na jirani anabisha hodi na ndoo ya maji. Daktari alimwambia asubiri. Akasubiri. Akamwapisha mkewe asimwambie mtu, maana mwimbaji akikaukiwa sauti hupewa pole, lakini mtu anayeitwa Pua akifiwa na pua hupewa kicheko mpaka kaburini.

Basi akaigiza. Aliinamia boneti, akafumba macho, akavuta hewa kama mtu anayesali, akasema "Mm." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu na anakupima wewe, "Wewe unaisikia zaidi ukiwa wapi?" Mteja akijibu, Pua alimrudishia maneno yake yale yale yakiwa yamevaa suti. Watu wangapi mjini wanaishi hivyo, tena wana ofisi zenye zulia? Kwa macho, kwa vidole na kwa karatasi laini aliyopangusia kila kiungo, alipatia mara tatu kati ya nne. Ile ya nne alimlaumu fundi aliyetangulia.

Dada yake mkubwa alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa pini mdomoni na ulimi mkali kuliko hizo pini. Alibaki na gari la marehemu mumewe, lenye miaka ishirini na sita, na aliishi na mama yao, mzee aliyekuwa mpishi wa shule maisha yake yote ya kazi. Mama huyo aliwahi kujua uji unashika chini akiwa nyuma ya kuta mbili. Kama Pua aliwahi kuwa na pua, aliirithi hapo.

Sasa figo za mama zilikuwa zimechoka. Mara mbili kwa wiki dada alimpandisha hospitali, kule juu mlimani, akasafishwe damu. Mama alikaa nyuma, kwa sababu nyuma aliweza kunyoosha miguu. Na akaanza kulalamika kwamba gari linanuka petroli. Akifika alikuwa ametapika kwenye mfuko, na wauguzi walimpokea wakidhani ni ugonjwa.

Dada akapeleka gari kwa mdogo wake.

Hapa kuna jambo ambalo Pua hakulijua, na ni haki msomaji alijue mapema. Kila mara kabla ya kwenda gereji, dada alichukua mpira wa kumwagilia maua na madumu mawili, akanyonya petroli yote tangini, akabakiza kikombe cha kumfikisha. Mumewe alimfundisha hivyo: gari linakwenda kwa fundi kama mtu anavyokwenda kupasuliwa, tumbo tupu. Mafundi wananyonya mafuta, dunia nzima inajua. Kwamba fundi huyu wamelala tumbo moja hakukubadili kitu. Alimpenda mdogo wake. Aliwahi kumpa chumba mwaka mzima alipokuwa hana pa kulala. Lakini petroli ni petroli. Akirudi nyumbani aliyamimina madumu, na kabla ya safari ya hospitali akajaza mpaka shingoni, kwa sababu siku moja gari liliwahi kukohoa katikati ya mlima na mama ndani, akaapa haitatokea tena.

Mara ya kwanza Pua alikuta paipu ya mafuta karibu na injini imepasuka kama kisigino cha kiangazi. Akabadilisha, akavuta hewa yake ya maigizo, akatangaza ushindi. Harufu ikarudi Alhamisi.

Mara ya pili alifanya kazi ya kweli. Alikagua kila kiungo kuanzia mbele hadi nyuma. Akainua hadi siti ya nyuma mbele ya dada yake, akamwonyesha kifuniko cha chuma kilicholala juu ya tangi, mahali pampu inapoingilia. Akapitisha kidole kuzunguka ukingo wote, akapangusa kwa karatasi. Pakavu kabisa. "Unaona?" akasema. "Hapa pangekuwa na tatizo, karatasi ingesema." Dada akaona. Tangi chini yake lilikuwa na kikombe kimoja cha petroli, nalo halikuwa na la kusema.

Mwenyewe dada alikuwa ameshaizoea harufu hiyo. Aliendesha dirisha wazi, vidole vikinuka mafuta ya cherehani, na Pua aliposema hakuna harufu, basi hata kile kidogo alichokuwa akikisikia kikaacha kusikika. Mtu ataibishia pua yake mwenyewe, lakini ataibishiaje Pua?

Jumapili fundi akaenda kumjulia hali mama. Alimkuta kitandani, uso umevimba kidogo, kikombe cha maji alichopimiwa kiko kando.

"Mwanangu," mama akamwambia, "ile harufu iko chini yangu. Nikikaa inapanda. Gari likishika mlima ndiyo inanijaa kichwani."

Pua akamwomba dada funguo, akatoka uani, akaingia siti ya nyuma, akapandisha vioo vyote. Akakaa pale mama anapokaa. Akavuta hewa mpaka kifua kikauma. Hakusikia kitu. Wala hangesikia kitu hata kama angekalia jaa la mji, na hilo alilijua. Angeweza kumwita mtoto yeyote anayepita barabarani amwambie pananuka nini. Angeweza kurudi ndani akasema, mama, mimi sinusi tena, miaka mitatu sasa, msinitegemee. Alifikiri hilo kwa muda wa kufunga mlango wa gari. Kisha akakumbuka kifuniko kikavu na karatasi nyeupe, akajiambia ushahidi ni ushahidi.

Akarudi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mama mkono. Akamweleza kwa upole kwamba gari amelikagua lote, halina neno. Ugonjwa wa figo, alisema, unaharibu pua. Mtu anasikia harufu zisizokuwepo. Hata madaktari wanalijua.

Mama alimtazama. "Kumbe," akasema. Akageukia ukutani.

Hakulalamika tena, na nyumba ikashukuru. Siku ya hospitali iliyofuata alisema amechoka, aachwe alale, ataenda ile nyingine. Ile nyingine magoti yalikataa. Dada alibembeleza, akafoka, akasimama mlangoni na viatu vya mama mkononi, akatishia kuleta majirani wambebe. Mama akajibu kwamba majirani nao wana miguu yao ya kuuguza. Pua alipigiwa simu azungumze naye, akazungumza, na mama alimjibu kwa adabu kama mtu anavyomjibu karani. Mara ya tatu walimbeba kweli, kwa kuwa pumzi ilikuwa ikimtoka kama maji kwenye bomba bovu na miguu imejaa. Wauguzi waliuliza amekosa mara ngapi. Dada alipowaambia, yule mkubwa wao akaacha kuandika. Mama akaishi siku mbili.

Siku ya mazishi dada alipanda gari lililobeba jeneza, akamwachia mdogo wake gari lake awabebe ndugu. Pua mwenyewe ndiye aliyepita kituo cha mafuta akajaza tangi, maana makaburi yalikuwa mbali, upande wa pili wa mlima. Ilikuwa mara ya kwanza gari hilo kuwa mikononi mwake limeshiba. Nyuma alikaa mama mdogo, mdogo wa marehemu, na binamu wawili wanene waliombana katikati kama kitabu.

Walipoanza kupanda, binamu mmoja akakohoa. Mwingine akashusha kioo. Mama mdogo akavuta kitambaa chake, akaziba pua, akavumilia kona mbili.

"Simamisha," akasema. "Nani kabeba petroli humu ndani?"

Pua akajibu hakuna.

"Basi tumekalia kituo cha mafuta. Macho yananitoka machozi, na leo nilikuwa nayahifadhi kwa jambo jingine." Akamwinamia begani. "Wewe si ndiye Pua? Kwani husikii?"

Wale binamu wakacheka kidogo, wakakumbuka ni msiba, wakaacha. Mbele yao msafara ulikuwa ukipotelea kwenye kona.

"Sisikii, mama mdogo," akasema. "Mwaka wa tatu huu sisikii kitu."

Akaegesha pembeni, akawashusha, akang'oa siti. Kifuniko kilikuwa kimelowa. Petroli ilikuwa imejikusanya kwenye ukingo wa nyuma na kuingia kwenye zulia, na alipogusa, baridi yake ikamla vidole. Gasketi, ule mpira wa kuziba kifuniko, ilikuwa imesinyaa kama ganda la chungwa. Tangi likiwa limejaa na gari limeinua pua kuelekea mlimani, mafuta yote yalirudi nyuma na kusukuma papo hapo, chini ya mtu aliyekaa. Alielewa kila kitu isipokuwa kimoja: kwa nini mara ile pakawa pakavu.

Mama mdogo alisimama nyuma yake kwenye changarawe. Hakupaza sauti. Alisema dada yake alimpigia simu wiki moja kabla ya kufa, akalia. Marehemu alisema sasa ananusa vitu ambavyo havipo, mwanawe fundi amemthibitishia, na kichwa kikishaanza kuondoka ni bora mtu abaki ndani asiwaaibishe watoto. Kuliko kupanda lile gari atapike mbele za watu kwa sababu ya harufu ya kichwani mwake, ni afadhali alale.

"Nikamwambia wewe ni mzee, si kichaa," mama mdogo akasema. "Akaniambia, mwanangu hawezi kukosea, hiyo ndiyo kazi yake."

Wakapanda tena, vioo vyote chini, wakafika udongo umeshaanza kurudishiwa.

Jioni, watu walipopungua, Pua alimfuata dada yake kwenye chumba cha kushonea. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, hashoni, mkono tu juu ya gurudumu. Akamweleza yote: pua, mafua, siku ya Jumapili, zulia lililolowa. Alitegemea mkasi umrukie.

"Ulifunua ile siti mbele yangu," dada akasema. "Ukasema pakavu."

"Palikuwa pakavu."

Dada akaanza kuchomoa pini kwenye mto moja moja, akazipanga mezani. Kisha akamwambia kuhusu mpira wa maua na madumu mawili. Alisema haraka, bila kumtazama, kama mtu anayesoma hesabu ya mtu mwingine.

Pua akaelewa: tangi tupu halivuji. "Ulidhani nitakuibia?"

"Mafundi wote mnanyonya."

Alitaka kukasirika, na alikuwa na haki nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye dumu lake mwenyewe nyuma ya gereji, lililojazwa kikombe kikombe na wateja wasiojua kwamba wanachangia. "Ya kwako nisingegusa," akasema.

"Na mimi ningejuaje?"

Nje mtu alikuwa akipanga viti vya kuazima, akivihesabu kwa sauti.

Wiki iliyofuata dada alileta gari gereji. Lilikuja limejaa, sindano ya kipimo cha mafuta imelala mwisho, na alipomkabidhi funguo alimwonyesha hiyo sindano kwa kidole. Pua akatoa zulia, akasugua ukingo mpaka chuma kikang'aa, akaweka gasketi mpya, akakaza skrubu kwa kupokezana, moja kisha ile inayoikabili, asije akapinda kifuniko. Akamwomba dada alipandishe mlimani na kulirudisha. Liliporudi, karatasi ilitoka nyeupe.

"Imeisha?" dada akauliza.

Seremala alikuwa ameegemea mlango wake mpya, kikombe mkononi, akingoja kuona ile pumzi maarufu.

"Sijui, dada," Pua akasema, na hakupunguza sauti. "Mimi sinusi. Kaa nyuma wewe, uniambie."

Kikombe cha seremala kikasimama hewani. Dada akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akafunga, akapandisha kioo. Pua akabaki nje, mikono ikinuka kitu asichokijua, akimtazama kupitia kioo. Alimwona amekaa wima pale mama alipokuwa akikaa, macho mbele, viganja juu ya siti huku na huku. Akamsubiri atikise kichwa au akiinamishe. Dada alikaa humo muda mrefu kuliko pua yoyote inavyohitaji, na hakumfungulia.